Limberlost ilikauka mwandishi wake akiitazama

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu wanawake waandishi waliopigania mazingira ilinifurahisha, hasa nilipolikuta jina la Gene Stratton-Porter, ambaye sikutegemea kumwona kwenye gazeti la Kiswahili. Lakini mmeandika kwamba riwaya zake ziliokoa kinamasi cha Limberlost. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Mimi naishi Fort Wayne, jimbo la Indiana, nahudumia wazee zamu ya usiku, na kinamasi chenyewe, au tuseme mahali kilipokuwa, ni mwendo wa kama saa moja kwa gari ukishuka kusini kwa barabara namba 27. Kinamasi hakikuokolewa. Kilikatwa miti, kikachimbwa mafuta, kikapasuliwa mifereji, kikakauka. Na yote hayo yalifanyika mwandishi akiwa hai, akiwa na jina kubwa, akiishi pale pale jirani.

Simpunguzii sifa mama huyo. Nataka tu apewe zile zilizo zake, maana zipo za kutosha.

Nilikutana na vitabu vyake kazini. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, mzaliwa wa mashamba ya huku, macho yalikuwa yamemwishia na usingizi ulikuwa ukimpaa kila ikifika saa nane za usiku. Akaniomba nimsomee. Kitabu kilikuwa A Girl of the Limberlost, riwaya ya mwaka 1909, nakala aliyoirithi kwa mama yake, mgongo umepakwa gundi juu ya gundi hadi ukawa mgumu kama ubao. Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa fasihi, kwa hiyo nilisoma kwa jicho la kazi: machozi mengi, sadfa nyingi, wabaya wanaojulikana tangu wanapoingia mlangoni. Bibi hayo hayakumshughulisha. Tulipofika penye nondo, wale vipepeo wa usiku, ndipo alipokuwa akininyooshea kidole: "Rudia hapo, mwanangu, na umtaje vizuri." Majina ya wale wadudu alikuwa nayo kichwani tangu utotoni, na aliyapata humo humo kwenye riwaya.

Kwa wasomaji wenu ambao hawajaisoma: Elnora Comstock ni binti wa shamba lililo ukingoni mwa kinamasi. Baba yake alizama humo usiku ule ule alipozaliwa, na mama yake, Kate, hajamsamehe mtoto kwa kuzaliwa. Elnora anakwenda shule ya sekondari mjini akiwa na nguo za kuchekwa, anafika na kuambiwa kuna karo kwa wanaotoka nje ya mji, na vitabu ni vya kununua. Hana kitu. Halafu anaona tangazo kwenye dirisha la benki: kuna mtu ananunua viwavi, vifukofuko, vipepeo na nondo, na analipa taslimu. Mnunuzi ni mwanamke anayeitwa Bird Woman, yaani Mwanamke wa Ndege, ambaye ni mwandishi mwenyewe aliyejiingiza kitabuni kwa jina la kupanga. Kinamasi kilichomuua baba ndicho kinachomlipia mtoto karo. Nimefundisha riwaya nyingi zenye mazingira yaliyopambwa vizuri, lakini chache nilizoziona ambamo mazingira yana kazi ya namna hiyo, yanaingia hadi kwenye hesabu za nyumbani.

Kuna tukio moja ambalo bibi alikuwa akiniomba nilirudie hata tulipokwisha kumaliza kitabu. Elnora anahitaji nondo mmoja tu ili seti yake ikamilike aweze kuiuza: yule mkubwa wa manjano, mwenye madoa ya zambarau, ambaye akitandaza mabawa hufunika kiganja cha mtu mzima. Anamwona hatimaye. Na mama yake, asiyejua wala kutaka kujua ni nini, anamuua. Baadaye Kate akishageuka moyo, ni yeye mwenyewe anayeingia kinamasini usiku kumsakia binti yake nondo. Utasema ni kilio cha kutengenezwa. Sawa. Lakini ili kilio hicho kifanye kazi, ilibidi mwandishi amfanye msomaji ajali kifo cha mdudu, na hilo alilifanya kwa mamilioni ya watu ambao mpaka siku ile, wakimwona nondo, walikuwa wakichukua ufagio.

Aliweza kwa sababu alikuwa akiwajua. Katika Moths of the Limberlost, kitabu chake cha mwaka 1912 ambacho si riwaya, analalamikia picha zilizochorwa kwa kutazama wadudu waliokauka kwenye sindano za makumbusho, rangi zimekwisha na tumbo limesinyaa. Yeye alitaka aliye hai, ametoka kwenye kifukofuko sasa hivi, mabawa bado yamelowa. Na hapo lazima uwahi. Nondo kama cecropia, akishakuwa na mabawa, hali tena chochote. Hana kinywa cha kulia. Ana wiki moja au mbili za kutafuta mwenzake na kutaga mayai, kisha basi. Kwa hiyo mama huyo alikuwa akikesha nao. Picha alizipiga kwa sahani za kioo na kuzisafisha kwenye bafu la nyumbani, mwanga umezibwa, akitumia masinia ya kupakulia bata mzinga. Wapishi wa nyumba hiyo ningependa kuwasikia upande wao.

Alizaliwa mwaka 1863 katika Wabash County, humu humu Indiana, mtoto wa kumi na mbili na wa mwisho kwa mkulima aliyekuwa pia mhubiri wa Kimethodisti. Mama yake aliugua muda mrefu, kwa hiyo mtoto aliachwa azurure mashambani, na alipowalilia ndege waliokuwa wakipigwa risasi, baba yake akamkabidhi rasmi kila ndege aliyejenga kiota kwenye ardhi yake kuwa mali yake. Nadhani ndipo yalipoanzia yote, mazuri na yale ya ubishi: maisha yake yote alizungumza juu ya ndege kama mtu anayezungumza juu ya mifugo yake. Mwaka 1886 aliolewa na Charles Porter, mwenye duka la dawa ambaye baadaye alikuja kuwa na benki, wakahamia mji mdogo wa Geneva, na mwaka 1895 wakajenga nyumba ya magogo yenye vyumba 14 karibu na Limberlost. Kinamasi kilikuwa na ukubwa wa kama ekari 13,000: miti mikubwa, maji meusi, nyoka wenye njuga, na wezi wa mbao waliokuwa hatari kuliko nyoka. Aliingia humo na bastola na kamera. Kuna gogo lililooza ndani ambamo tumbusi mweusi alikuwa amelea kinda. Alikwenda na kurudi kulipiga picha lile kinda katika joto na uvundo, mume wake akimsindikiza kwa kuwa si mahali pa kwenda peke yako. Kutokana na safari hizo akapata riwaya ya Freckles, iliyotoka mwaka 1904.

Sasa hapa, Mhariri, makala yenu ingeweza kusema jambo la maana zaidi. Freckles ni kijana yatima, ana mkono mmoja, ameajiriwa kuzunguka mpaka wa msitu kila siku mtu asiibe mti. Tunampenda, tunawapenda ndege wake. Lakini anamlindia nani? Anamlindia bwana mwenye kibali cha kukata mbao, wa kampuni ya mji wa Grand Rapids. Yaani miti inalindwa dhidi ya wezi ili mwenye karatasi aje aikate kwa utaratibu, ikawe meza na makabati. Mwandishi haoni tatizo, au analiona na analipita. Na nyumbani kwake mambo yalikuwa hayo hayo: visima vya mafuta vilichimbwa kwenye shamba la mume wake, na fedha zile zilikuwa sehemu ya maisha mazuri yaliyompa nafasi ya kukesha na nondo. Silisemi hili kumfedhehesha. Nalisema kwa sababu ndivyo watu wengi wanaopenda msitu walivyo, nami nikiwemo, ninayewasha gari la petroli kwenda kutazama vyura.

Mashine za mvuke zilikuwa zimeshaanza kuchimba mifereji kabla hata riwaya ya kwanza haijatoka. Mito ilinyooshwa, mabomba ya udongo wa kuchoma yakafukiwa chini ya ardhi ili kunyonya maji, na kila penye udongo mweusi uliokauka pakapandwa mahindi. Ulikuwa udongo mzuri sana; wakulima wale hawakuwa wendawazimu. Kufikia mwaka 1913 hivi hapakuwa tena na kinamasi cha kupigia picha. Fikirini: miaka ile ile Marekani nzima ilipokuwa ikisoma habari za Limberlost, na riwaya yake The Harvester ikaongoza mauzo ya riwaya nchini mwaka 1912, mahali penyewe palikuwa panageuzwa shamba. Riwaya zikawa zinauza mahali ambapo hapapo.

Alifanya nini? Alihama. Akanunua ardhi kaskazini, kando ya Sylvan Lake karibu na Rome City, akajenga nyumba nyingine na kuanza kuhamishia pale maelfu ya mimea ya porini, mingi ikiwa imechimbwa kutoka sehemu zilizokuwa zikikaushwa kabla maji hayajaondoka. Na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi kuliko kwenye riwaya yoyote, kwa sababu mwaka 1917 Bunge la Indiana lilipopitisha sheria ya kuruhusu kukausha vinamasi vya jimbo katika Noble County na LaGrange County, hakuandika hadithi. Aliungana na wenzake kudai sheria ile ifutwe. Ikafutwa mwaka 1920. Ningependa kuishia hapo, lakini vinamasi vile navyo vilikuja kukaushwa baadaye. Mwaka 1922 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Izaak Walton League, chama cha wavuvi na wawindaji waliochoka kuona mito inachafuliwa, ambacho kipo hadi leo.

Watu husahau kwamba aliandika pia dhidi ya mtindo wa kofia za wanawake zenye ndege waliokaushwa, mwaka 1900, katika jarida la Recreation, na alikuwa hajawa mtu wa kujulikana. Na kwamba riwaya yake ya kwanza, The Song of the Cardinal, ilianza na ndege mwekundu aliyemkuta amepigwa risasi na kutupwa njiani, hakuliwa wala hakuhitajika, alikuwa shabaha tu. Leo ndege huyo ndiye ndege rasmi wa jimbo la Indiana.

Kuhusu biashara yake ya vitabu, nina neno moja kwa walimu wenzangu wa fasihi wanaodharau riwaya za mapenzi. Mama huyu alitaka kuandika vitabu vya ndege. Havikuuzika sana. Akakubaliana na wachapishaji wake, Doubleday, Page, wawe wanamtolea kitabu cha viumbe kwa zamu na riwaya. Riwaya ililipa, kitabu cha ndege kikatoka. Lakini ninavyoona mimi, vile vitabu vya ndege vilisomwa na watu waliokwisha kupenda ndege. Riwaya zilisomwa na mama wa bibi yangu yule, mke wa mkulima ambaye pengine shamba lao lenyewe lilikuwa kinamasi miaka michache nyuma.

Kuna jambo ambalo makala yenu imelifunika kabisa, na msomaji wa Kiafrika ana haki ya kulijua kabla hajaenda kununua vitabu vyake vyote kwa pamoja. Mwaka 1919 mwandishi huyu alihamia California, na mwaka 1921 akatoa Her Father's Daughter. Ndani yake kuna mimea ya porini iliyoelezwa kwa ufundi ule ule, na kuna chuki ya wazi dhidi ya Wajapani, mwanafunzi wa Kijapani akichorwa kama adui kwa kuwa anaongoza darasani. Chuki yenyewe ndiyo inayoiendesha hadithi, kwa hiyo hakuna namna ya kuisoma ukairuka. Nilikifunga katikati. Nafanya kazi na wauguzi kutoka pande zote za dunia, nami mwenyewe nimewahi kutazamwa kwa jicho hilo hilo. Mkimsifia, semeni na hili. Sifa hazitapungua kwa yale aliyostahili kusifiwa.

Alifariki Los Angeles mwezi Desemba 1924, gari lake lilipogongwa na tramu, akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa huko huko hadi mwaka 1999, mabaki yake yalipoletwa Rome City, kwenye msitu wa maua alioupanda mwenyewe.

Nirudi kwenye Limberlost, kwa kuwa ndiyo hoja yangu. Ukifika leo utakuta mahindi na soya hadi upeo wa macho, na mifereji iliyonyooka kama ilivyochimbwa. Lakini kando ya barabara za changarawe katika Jay County kuna mahali panaitwa Loblolly Marsh. Katika miaka ya 1990 mkulima mmoja wa pale, aliyekuwa akiona mashamba yale yale yakifurika kila mvua ikizidi, alianza kuwashawishi majirani na serikali ya jimbo kwamba ardhi inayong'ang'ania kuwa kinamasi iachwe iwe kinamasi. Wakaita juhudi hiyo Limberlost Swamp Remembered. Ardhi ikanunuliwa kipande kwa kipande. Mabomba yale ya udongo yakavunjwa, mifereji ikazibwa, na maji hayakuhitaji kuelekezwa. Nyasi za asili na miti vikapandwa. Sasa ni zaidi ya ekari 1,000, nazo si kitu ukizilinganisha na zile 13,000. Mwezi Aprili, jua likishatua, vyura wadogo wa pale, wasiozidi ukucha wa kidole gumba, hupiga kelele hadi mtu na mwenzake wanasikilizana kwa kupaaza sauti. Bata wapo wengi, na kuna ndege weusi wenye bega jekundu ambao wakikukuta karibu na matete yao wanakufukuza kwa kukupitia juu ya kichwa.

Mnaweza kusema: basi riwaya zimekiokoa. Mimi nasema zimefanya kitu kingine. Indiana imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya ardhi oevu iliyokuwa nayo, na nyingi kati ya hizo zilikuwa nzuri kama Limberlost. Hazina jina. Hakuna anayejua aanzie wapi kuzidai. Limberlost ilipokauka ilibaki na jina kwenye rafu za nyumba za watu, na nyumba ya mwandishi pale Geneva ikabaki mikononi mwa jimbo tangu mwaka 1947, kwa hiyo mkulima yule aliposimama kuomba, aliowaomba walijua anaomba nini. Ilichukua miaka 80, na vilivyorudi ni kipande. Msiite huko kuokoa. Mtu aliye na kinamasi kinachokaushwa mwaka huu akisoma makala yenu ataona inatosha kuandika hadithi nzuri na kungoja.

Na kinamasi kinachokaushwa mwaka huu kipo. Mwaka 2021 Indiana ilipitisha sheria iliyoondoa ulinzi wa jimbo kwa sehemu kubwa ya ardhi oevu zake, na mwaka 2024 ikapitisha nyingine iliyoulegeza zaidi. Waliozitetea walikuwa na hoja zao: gharama, ujenzi, haki ya mwenye ardhi. Nilisikiliza sehemu ya mjadala redioni nikirudi kutoka zamu. Sikusikia aliyelitaja jina la mama huyu, ingawa jimbo hilo hilo linatunza nyumba zake mbili na kuwatembeza watalii.

Ombi langu ni dogo. Sahihisheni ile sentensi ya kuokoa. Na picha mliyoichapisha, ambayo maelezo yake yanasema ni nyumba ya Geneva, ina ziwa nyuma yake. Geneva hakuna ziwa pale nyumbani. Hiyo ni ya Rome City, Sylvan Lake. Nyumba zote mbili ni za magogo na watu huzichanganya, lakini ziko mbali na kila moja iko kwenye kaunti yake, na msomaji atakayekuja huku kutembea akifuata maelezo yenu atakuta amepotea njia.

Wako katika usomaji,

Mhudumu wa wazee,
Fort Wayne, Indiana, Marekani